Umri Haukutajwa

Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi, ghorofa ya pili, Moshi mjini,
anauliza mara ya tatu: hati iko wapi?
Julai. Baridi ya kuficha vidole kwapani.
Kaka yangu Elinami amekuja na wakili na faili la plastiki.
Mimi nimekuja na Makyao,
na Makyao hana muhuri.

Kabla ya reli, kabla ya kahawa,
mangi mmoja wa mteremko wetu alikufa kwa homa ya siku nne,
akaacha ng'ombe, mifongo miwili, deni la magadi,
mtoto anayenyonya,
na mke.
Wazee walivigawa kwa kikao kimoja:
ng'ombe wa nani, maji ya nani, mke wa nani.

Kwenye nyasi walipokaa wanaume hakuitwa.
Alikaa nyuma ya migomba, akimenya ndizi za mtori;
kisu tu kilisikika.
Shemeji watatu walikuwa wamejipaka mafuta.
Atakayemrithi mjane atamlea mrithi,
atakayemlea mrithi atashika maji.
Kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyelitamka.

Kisu kikanyamaza.
"Desturi nimeisikia," sauti ikatoka kwenye majani.
"Mjane hurithiwa na ndugu wa damu wa marehemu. Sipingi.
Je, naruhusiwa kumtaja nimtakaye?"
Wakasema, unaruhusiwa.
"Basi namtaka Ndemasi."

Ndemasi, kitinda mimba wa mama mkwe,
alikuwa na miaka sita,
na saa ile alikuwa juu ya mringaringa akitafuta mayai ya ndege.

Wazee walicheka hadi mbege ikawapalia.
Kisha kicheko kikawakauka.
Mmoja akasema: lakini yule ni mtoto.
"Desturi imetaja damu," akajibu Makyao. "Umri haukutajwa."

Miaka kumi na moja
alimbeba mume mgongoni na mangi kifuani.
Usiku alitembea na mwenge kando ya mfongo
akihesabu zamu za maji kwa vidole, hakukosea.
Mkosaji aliyeleta jani la isale alisamehewa.
Asiyeleta alimwagilia ulezi wake kwa mate.

Siku Ndemasi alipoota ndevu
alipita mlangoni akamwita: Mama.
Kesi ikafia hapo. Hakuna shemeji aliyejua aifufue vipi.

Bibi alinisimulia haya akipalilia, bila kusifu.
Akaongeza lile nisilopenda kulisema mbele ya baraza:
kwamba mjane wa mfua mikuki naye alikuja,
naye akataka kutaja mtoto,
na Makyao akamwambia, wewe si mke wa mangi,
nenda kwa uliyepangiwa.
Mlango alioupasua kwa kucha zake
aliufunga kwa kisigino.
Sijui nimfanye nini kwa hilo. Nimelibeba na mengine.

Alipozeeka alipanda masale
kutoka ukingo wa mfongo hadi jiwe lenye kovu,
akasema: hapa ndani ni pa binti yangu, na binti wa binti.
Ndiyo mpaka wangu, Mheshimiwa.
Ulikuwepo hadi Aprili,
Elinami alipokuja na panga na vibarua wawili
na asubuhi ile ile akanipigia simu
kuniuliza kama nimekula.

Wakili anasimama. Ana tai nzuri.
Anasema, kwa desturi za Wachaga, kihamba
hurithiwa na mtoto wa kiume.
Anaketi kama mtu aliyefunga lango la zizi.

Karani analowesha kidole, anafungua ukurasa.
Chini, mtaani, mtu anapiga bei ya parachichi.

Mheshimiwa, nasema,
desturi hiyo aliyoitaja,
naomba isomwe tena, taratibu, neno kwa neno.
Nataka kusikia
ni kitu gani haikukitaja.